Sura ya Nne: Hesabu ya Pauni 13,200

Una wachukuzi 600. Kila mmoja umemtwika ratili 70 za pembe za ndovu. Ratili moja inauzwa shilingi 8, na shilingi 20 ni pauni moja ya Kiingereza. Mwenye wachukuzi anadai pauni 6 kwa kila mzigo. Je, safari moja itakuachia pauni ngapi?

Ratili 70 mara 600 ni ratili 42,000. Kwa shilingi 8 zinafika shilingi 336,000, yaani pauni 16,800. Ujira ni pauni 3,600. Zinabaki pauni 13,200.

Fumbo hili halikutungwa na mwalimu. Ni la Henry Morton Stanley, na jibu ni lake pia: alilichapisha mwaka 1890 katika kitabu chake In Darkest Africa, anapoeleza makubaliano aliyofanya Unguja mwezi Februari 1887. Wachukuzi walitakiwa watoke kwenye maporomoko ambayo Wazungu waliyaita Stanley Falls, pale ulipo leo mji wa Kisangani. Mwenye wachukuzi alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip. Pembe zilikuwa za Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta chini ya serikali ya Misri, aliyekwama karibu na Ziwa Albert baada ya Khartoum kuanguka mikononi mwa Mahdi wa Sudan mwaka 1885; Stanley alikuwa njiani kwenda kumwokoa.

Tukitafuta vitabu vya hesabu vya karne ya 19 vilivyofika Kisangani, rafu inakuwa karibu tupu, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya karne hiyo shule ya vitabu hivyo haikuwapo. Hesabu zenyewe zilikuwapo, tena nzito, na watu wawili waliozipiga waliacha vitabu. Mmoja aliandika kwa Kiingereza na mwingine kwa Kiswahili. Vitabu hivyo viwili vinaonyesha hesabu ya karne ile ilivyofanya kazi mahali hapa waziwazi kuliko kitabu chochote cha shule ninachokijua. Lakini ili tuvisome vizuri, hatuna budi kwanza kupita darasani kwa Waingereza.

Mtoto wa Kiingereza wa zama hizo angelitambua fumbo la wachukuzi 600 mara moja. Vitabu vyake vya hesabu vilijaa biashara: riba, punguzo, ubia, kubadilishana bidhaa, faida na hasara, mizani na vipimo vya kila namna. Kanuni iliyobeba nusu ya kitabu ilikuwa ile ya namba tatu: ukizijua tatu, ya nne unaipata kwa kuzidisha na kugawanya. Miongoni mwa waandishi waliosomwa sana alikuwamo John William Colenso, mzaliwa wa Cornwall, 1814. Katika mtihani wa hisabati wa Cambridge mwaka 1836 alishika nafasi ya pili. Akaenda kufundisha Harrow. Huko moto ukateketeza nyumba aliyokuwa akiwalea wanafunzi, naye akabaki na madeni. Aliyalipa kwa kalamu. Kitabu chake cha aljebra kilitoka mwaka 1841, cha hesabu mwaka 1843, na haki za vitabu vyake aliwauzia wachapishaji wa Longman kwa pauni 2,400.

Mwaka 1853 mwandishi huyu aliwekwa kuwa askofu wa Natal, kusini mwa Afrika. Alijifunza Kizulu, akaandika sarufi na kamusi, akaanza kutafsiri Biblia akisaidiwa na Mzulu aliyeitwa William Ngidi. Walipokuwa kwenye habari za gharika ya Nuhu, Ngidi alimwuliza kama kweli anaamini kwamba mambo yalikuwa hivyo. Swali likamrudisha Colenso kwenye kazi yake ya ualimu. Kitabu cha Kutoka kinasema wanaume waliotoka Misri walikuwa 600,000, mbali na watoto. Akaanza kupiga hesabu: ukoo wa watu 70 ulizaaje umati huo katika vizazi vichache? Umati wote huo ungesimama wapi mbele ya hema moja? Mifugo yao ilikula nini jangwani? Alianza kuchapisha majibu mwaka 1862. Mwaka uliofuata askofu wa Cape Town, Robert Gray, alimvua madaraka, na mwaka 1865 baraza la rufaa la London likaamua kwamba hatua hiyo ilikuwa batili. Wazulu walimwita Sobantu, na alipata jina hilo kwa haki, maana alisimama upande wa Langalibalele na wa mfalme Cetshwayo wakati wakubwa wa koloni walipowaonea.

Namleta Colenso hapa kwa sababu alifanya jambo ambalo vitabu vyake havikumwomba mwanafunzi alifanye. Katika fumbo la shule, namba zilizotolewa ni halali. Ukiambiwa wachukuzi ni 600, ni 600. Hupewi alama kwa kuuliza kama wapo, wamekula nini, au nani amewauliza kama wanataka kwenda. Colenso mtu mzima aliikamata namba yenyewe iliyotolewa akaihoji kama shahidi mahakamani. Kwangu mimi hilo ndilo somo lake kubwa la hesabu, kubwa kuliko yote aliyomwuzia Longman.

Alifariki Juni 1883. Miezi isiyofika sita baadaye, mwezi Desemba, Stanley alimwacha Mskoti mmoja, fundi mitambo aliyeitwa Binnie, alinde kituo kipya kisiwani karibu na maporomoko. Kituo hicho hakikudumu. Agosti 1886 ofisa wake, Walter Deane, aligombana na Waarabu na Waswahili wa hapo, kukapiganwa, na Dola Huru ya Kongo ikafukuzwa. Mwenye dola hiyo, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, hakuwa na jeshi la kuyarudisha maporomoko. Alikuwa na Stanley, na Stanley alimjua Tippu Tip.

Tarehe 24 Februari 1887 mkataba ulitiwa saini Unguja: Tippu Tip atakuwa wali wa Stanley Falls chini ya bendera ya Dola Huru, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Hapo ningependa msomaji achukue penseli.

Mzigo mmoja wa ratili 70, kwa bei ya Stanley mwenyewe, ni shilingi 560, yaani pauni 28. Kwa hiyo mshahara wa mwezi mzima wa wali ulizidi kidogo tu bei ya pembe zinazobebwa na mchukuzi mmoja. Kwa mwaka mshahara huo ni pauni 360. Ujira wa wachukuzi 600 kwa safari moja ni pauni 3,600, sawasawa na mshahara wa wali wa miaka kumi. Wanahistoria wameandika kurasa nyingi wakijiuliza kwa nini Tippu Tip hakutumikia Dola Huru kama mtumishi wa serikali. Mgao huo mmoja unaeleza mengi. Mshahara haukuwa wa kumfunga mtu wa kiasi chake. Wenye uzito ulikuwa uwali wenyewe, ambao ulimpa uhalali na njia ya mto.

Turudi kwenye pembe. Stanley aliarifiwa kwamba Emin ana tani 75, akazikadiria kuwa na thamani ya pauni 60,000. Hesabu hiyo inatoka tu ukiichukua tani kuwa ratili 2,000, kama wafanyavyo Wamarekani: ratili 150,000 kwa shilingi 8 ni pauni 60,000 kamili. Kwa tani ya Kiingereza ya ratili 2,240 angepata pauni 67,200. Tofauti ya pauni 7,200 ni mishahara miwili ya miaka kumi ya wali wetu, lakini si hapo fumbo lilipovunjika. Kuzidisha kwake hakuna kasoro. Nimekagua kila hatua, na pauni 13,200 zinatoka safi.

Kasoro iko katika mambo ambayo swali halikuyauliza. La kwanza ni muda. Ratili 150,000 ukizigawa kwa 42,000 unapata safari tatu na zaidi ya nusu, kwa hiyo nne. Stanley mwenyewe aliondoka Yambuya, kwenye mto Aruwimi, tarehe 28 Juni 1887, na kikosi chake cha mbele kiliona Ziwa Albert tarehe 13 Desemba. Hiyo ni karibu miezi mitano na nusu ndani ya msitu wa Ituri, kwenda tu. Ukiziweka safari nne za kwenda na kurudi kwa mwendo huo, unafika karibu miaka minne. Katika muda wote huo, chakula cha watu 600 msituni, ambako kikosi cha Stanley kilikufa njaa kwa makumi, hakimo kwenye hesabu hata kwa shilingi moja.

La pili ni uzito wa mzigo. Wachukuzi waliotarajiwa mwaka 1887 hawakuja. Kikosi cha nyuma cha Stanley, chini ya Meja Edmund Barttelot, kilikaa Yambuya kikingoja, huku wanajeshi na wachukuzi wa Kizanzibari wakizikwa wiki baada ya wiki. Tippu Tip alisema baruti aliyoahidiwa hakupewa. Stanley alisema ameahidiwa watu na hakuwaona. Juni 1888 wakaja Wamanyema zaidi ya 400, wakiongozwa na Muni Somai, ambaye Barttelot alimwahidi pauni 1,000. Alipoiona mizigo ya ratili 60, Tippu Tip alikataa: watu wake hawatabeba zaidi ya ratili 40. Ikabidi mizigo ifunguliwe na kufungwa upya.

Sasa rudisha ratili 40 kwenye fumbo la mwanzo. Wachukuzi 600 wanabeba ratili 24,000, sawa na pauni 9,600. Ondoa ujira wa pauni 3,600. Faida imeshuka kutoka pauni 13,200 hadi 6,000, na safari zimepanda kutoka nne hadi saba. Namba moja tu imeguswa, ile ambayo Stanley aliiandika akiwa Unguja bila kumwuliza mwenye mgongo.

Mwisho wake unajulikana. Barttelot alipigwa risasi Banalya tarehe 19 Julai 1888. Stanley alikutana na Emin ziwani mwezi Aprili mwaka huohuo, akamfikisha Bagamoyo Desemba 1889. Hakuna hata pembe moja ya zile tani 75 iliyoshuka mto Kongo. Emin mwenyewe alirudi bara baadaye, na Oktoba 1892 akauawa akielekea Kibonge, juu ya mto kutoka Kisangani. Stanley alikuwa amekwisha fungua kesi Unguja kumdai Tippu Tip fidia, na kesi hiyo haikumfikisha popote.

Mpaka hapa nimesoma upande mmoja wa daftari. Upande wa pili uko katika Maisha ya Hamed bin Muhammed, ambayo Tippu Tip aliyaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, alipostaafu Unguja. Aliombwa na Heinrich Brode wa ubalozi wa Ujerumani, aliyeyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Ni kitabu kinachosifiwa kwa lugha yake na kwa vita vyake. Mimi nimekisoma kama kitabu cha hesabu, na kinasomeka hivyo toka mwanzo. Mwandishi anaanza na umri wa miaka 12, akifanya safari fupi za biashara ya sandarusi pamoja na jamaa zake. Baadaye, bara, anaona wenzake wanang'ang'ania pembe kubwa kwa bei kubwa, yeye anachukua ndogo kwa bei nafuu, na anapata faida. Anakumbuka nani alimkopesha, na kiasi gani. Tajiri wa Kihindi Taria Topan alimpa mali ya reale 50,000 kwa safari iliyomweka bara kutoka 1870 hivi hadi 1882. Kila mlango una frasila zake na reale zake.

Hesabu hiyo ilikuwa na walimu. Pwani, mtoto aliyepita chuoni alikua akisikia nusu, theluthi, robo, sudusi na thumni kila alipofariki mtu mwenye mali, kwa sababu mirathi ya Kiislamu hugawanywa kwa mafungu hayo. Al-Khwarizmi wa Baghdad, aliyeandika kitabu cha aljebra karne ya 9, alitenga sehemu kubwa yake kwa mafumbo ya wasia na urithi. Juu ya hayo palikuwa na mizani ya bandarini: vibaba vinne katika pishi, mikono minane katika doti, takriban ratili 35 katika frasila. Mfanyabiashara wa Unguja alikuwa akigeuza vipimo vya watu wa mataifa matano kabla ya adhuhuri.

Fungua sehemu ya Nsama, mtemi wa Itabwa, ambaye Tippu Tip alimshinda mwaka 1867. Anasimulia kwamba alitwaa frasila 1,950 za pembe na frasila 700 za shaba. Ana sauti ya mtu anayefunga hesabu za mwezi. Lakini frasila 1,950 ni ratili 68,250, karibu kilo 31,000. Ukigawa kwa mizigo ya ratili 70, unapata mizigo 975. Shaba ni ratili 24,500, mizigo 350. Jumla ni mizigo 1,325, na kila mzigo una kichwa cha mtu chini yake. Katika sentensi ya Tippu Tip vichwa hivyo havimo. Msomaji anayegawa ndiye anayeviona. Wengi wao walikuwa watumwa au mateka, na wenye pembe walikuwa watu wa Nsama waliokuwa wameuawa au wametawanyika.

Hili ndilo linalonisumbua katika vitabu vyote viwili, na sioni sababu ya kulisema kwa upole. Stanley anamhesabu mchukuzi kwa pauni 6 zinazokwenda kwa mwingine. Tippu Tip anamhesabu kwa frasila anazobeba. Hawa wawili walitofautiana dini, lugha na bendera, wakashtakiana, lakini daftari zao zinakubaliana kwamba mtu mwenye mzigo ni kipimo. Nimetafuta katika fumbo la pauni 13,200 mahali pa kuandika fungu la mchukuzi mwenyewe, na safu hiyo haipo. Miaka michache baadaye Dola Huru ilipoanza kudai mpira kijiji kwa kijiji kwa kilo, katika bonde hilohilo la mto, haikuhitaji kubuni hesabu mpya.

Lipo fumbo moja ambalo vitabu hivi viwili vinakutana uso kwa uso, na ningependa walimu wa Kisangani walitumie. Mwaka 1876 Stanley alimwomba Tippu Tip amsindikize kutoka Nyangwe kushuka mto. Stanley, katika kitabu chake cha 1878, anasema walikubaliana kambi 60 kwa dola 5,000. Tippu Tip anasema aliahidiwa 7,000. Waliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba na kuachana Vinya Njara mwishoni mwa Desemba, kabla ya kambi 60 kutimia. Stanley anasema alimwachia hawala ya dola 2,600, pamoja na punda wa kupanda, mkufu wa dhahabu, nguo, shanga na vitu vingine. Tippu Tip analalamika kwamba alitendewa kinyume cha ahadi, na kwamba baadaye alipelekewa picha ya Stanley.

Kwa mkataba wa 5,000, kila kambi ni dola 83 na theluthi moja, na dola 2,600 zinalipa kambi 31 na kidogo, zaidi tu ya nusu ya njia. Kwa mkataba wa 7,000, kila kambi ni dola 116 na theluthi mbili, na fedha ileile inalipa kambi 22 na ushei. Mwanafunzi akifika hapo, amefika mbele ya swali ambalo kanuni ya namba tatu haiwezi kulijibu: nani anasema kweli kuhusu namba ya kwanza? Atalazimika kuangalia tarehe, kulinganisha mashahidi, kujiuliza nani alikuwa na sababu ya kupunguza na nani alikuwa na sababu ya kuongeza. Stanley alikuwa akiwaandikia wenye magazeti waliogharamia safari. Tippu Tip aliandika robo karne baadaye, mali yake ya bara imekwisha potea katika vita vya 1892 hadi 1894, mwanawe Sefu ameuawa. Mimi ninaelekea kuamini kwamba mapatano ya mdomo yalikuwa na nyongeza ambazo kila mmoja alizihesabu kwa namna yake, lakini mwanafunzi ana haki ya kunikatalia.

Wanafunzi wa Kisangani, katika Makiso, Mangobo na Lubunga, leo wanasoma hisabati kwa Kifaransa, kutoka vitabu ambavyo mafumbo yake yangeweza kutokea popote. Maisha ya Tippu Tip yametolewa upya kwa Kiswahili na Kiingereza na Wilfred Whiteley mwaka 1958 na 1959, na kwa Kifaransa na padri François Bontinck mwaka 1974, kwa hiyo mwalimu anayetaka ana pa kuanzia katika lugha zote mbili za darasa lake. Ningemshauri aanze na zile kambi 60. Namba ni chache, mgao ni mfupi, na ubishi utakula kipindi kizima. Frasila 1,950 za Nsama azihifadhi kwa siku ambayo ana muda wa kutosha, kwa sababu darasa likishagawa na kupata 975, kuna mtu atauliza watu hao walikuwa nani.